Sakafu ya bahari inagawiwa kabla wakazi wake hawajahesabiwa

Kasha la chuma lenye mdomo wazi linapandishwa kwa winchi kutoka kina cha zaidi ya mita 100. Nyuma yake linaburuta mfuko wa nyavu nene, na ndani ya mfuko mna mchanga wa kijivu, vipande vya matumbawe, sponji zilizokatika na maji yanayochuruzika sitahani. Aliyetarajia samaki atavunjika moyo. Mabaharia wanamwaga mzigo kwenye chekeche, wanausuuza kwa maji ya bahari, na kinachobaki kinafungwa kwenye mifuko iliyoandikwa namba ya kituo, kina na tarehe.

Ndivyo ilivyofanya kazi meli ya utafiti Meiring Naude kwenye pwani ya mashariki ya Afrika Kusini katika miaka ya 1980, chini ya mradi wa Makumbusho ya Natal. Lakini kazi nzito haikuwa ya baharini. Mifuko ilipofika Pietermaritzburg, mji ulio mbali na ufukwe, mchanga ulikaushwa na kuchekechwa upya, halafu mtu akaketi mbele ya hadubini na brashi ya nywele chache, akaanza kutenga: mchanga huku, magamba kule. Kijiko kimoja cha mchanga kinaweza kummaliza mtu asubuhi nzima.

Magamba mengi kati ya hayo hayafiki milimita 5, na yapo yasiyozidi punje ya mtama. Kwa macho matupu ni takataka. Yakiwekwa chini ya lenzi yanaonekana yana mbavu zilizopangwa kwa vipimo, mistari inayokatana na midomo yenye meno. Ni nyumba za konokono wa baharini wanaoishi kwenye ukingo wa nje wa bara, mahali ambapo jua halifiki vizuri na mvuvi wa ngalawa hafiki kabisa.

Mhariri aliponikabidhi mada hii aliuliza swali ambalo msomaji naye ana haki ya kuliuliza: konokono asiyeliwa, asiyeuzwa, na asiyeonekana bila hadubini, anatuhusu nini?

Jibu fupi ni kwamba anaishi mahali panapogombewa. Sakafu hiyo hiyo inatakiwa na wachimbaji wa fosfeti, wachimbaji wa almasi, kampuni za gesi zenye mabomba ya kupitisha, na meli zinazokokota nyavu. Sheria za mazingira zinamtaka mwekezaji aeleze mapema atakachoharibu. Hapo ndipo mambo yanapogoma, maana huwezi kueleza umeharibu nini kama hujui palikuwa na nini.

Bara lisiloishia ufukweni

Bara haliishii pale mawimbi yanapopiga. Linaendelea chini ya maji, likiteremka polepole hadi kina cha mita 100, 150 au 200, kisha linakatika na kuporomoka kwenda kilindini. Sehemu hiyo iliyozama ndiyo rafu ya bara, na upande wake wa nje, karibu na maporomoko, ndio ninaouzungumzia hapa.

Upana wake haulingani. Kusini mwa Rasi ya Agulhas, rafu inajitandaza hadi kilomita 250 hivi baharini. Ukipanda kaskazini hadi Sodwana, karibu na mpaka wa Msumbiji, zinabaki kilomita 3 tu. Hapo Sodwana ndipo wapiga mbizi walipokutana na silikanti mwaka 2000, kwenye korongo la Jesser, kina cha mita 104. Ni samaki yule yule wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa, na ambaye Tanzania ilimtengea hifadhi mwaka 2009.

Rafu ya Tanzania nayo ni nyembamba, kilomita chache tu sehemu nyingi, isipokuwa kwenye mikono ya bahari ya Unguja na Mafia ambako inafikia kilomita 60 hivi.

Kufika kwenye ukingo huo si lelemama. Mkondo wa Agulhas unapita juu yake kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 5 kwa saa. Meli inayoshusha kasha inasukumwa muda wote, na kasha linaweza kurudi tupu, limepinda, au lisirudi. Hii ni sababu mojawapo ya kwa nini wanyama wa kina cha mita 2 wanafahamika kuliko wa kina cha mita 150, ingawa kati yao unaweza kuwa mwendo wa saa moja tu kwa boti.

Kuna jambo jingine linalowatatiza wachunguzi. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunga maji mengi ya dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita 120 hivi. Sehemu kubwa ya Benki ya Agulhas, ambayo leo inapita juu yake meli za mizigo, ilikuwa mbuga kavu yenye wanyama na wawindaji. Ufukwe wa wakati huo sasa uko chini, kwenye ukingo, na magamba ya konokono wa ufukweni bado yamo kwenye mchanga wake. Mchunguzi asipokuwa makini atamwandika mkazi wa maji mafupi kuwa mkazi wa kina, kumbe anaandika habari za marehemu wa miaka elfu kumi na ushei.

Wawindaji, vimelea na wenye kufuata mkono wa kushoto

Mwani hauoti kwenye giza la ukingo huo, kwa hiyo malisho ya ufukweni hayapo. Kila konokono ana mbinu zake za kuishi, na baadhi zinatisha.

Wapo wanaokula sponji peke yake, wakiwa na pua ndefu ya kupenyeza kwenye matundu yake. Familia ya Triphoridae ndiyo maarufu kwa kazi hiyo, na ina kituko kingine: konokono wengi duniani magamba yao huzungukia kulia, hawa huzungukia kushoto. Wapo wa familia ya Eulimidae, wenye magamba meupe, membamba na laini, wanaojibanza kwenye majongoo bahari na viti vya pweza na kunyonya maji ya miili yao.

Baadhi ya ndugu wa hao wameacha hata gamba. Mwaka 1851 mwanasayansi Mjerumani Johannes Müller, akiwa Trieste, alipasua majongoo bahari akakuta ndani yake kitu kirefu laini mfano wa mnyoo, na ndani ya hicho kitu konokono wachanga wenye magamba. Jambo hilo lilimtesa sana, kwani lilionekana kama mnyama mmoja anamzaa mnyama wa jamii nyingine kabisa. Baadaye ilieleweka kwamba yule “mnyoo” ndiye konokono mzazi, aliyepoteza karibu kila kiungo isipokuwa cha kuzaa.

Halafu wapo wapiga mishale. Katika jamii inayoitwa kwa jumla Turridae, jino moja limegeuka kuwa mshale mtupu ndani, unaojazwa sumu na kuchomwa kwenye mnyoo wa baharini. Ni binamu wa konokono wale wakubwa wa jenasi ya Conus ambao wazamiaji wa Zanzibar na Mombasa wanajua si wa kushika ovyo. Kutokana na sumu ya mmoja wao, Conus magus, ilitengenezwa dawa ya maumivu makali, zikonotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Sumu za binamu zao wadogo wa kwenye kina hazijachunguzwa isipokuwa kidogo sana, na sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: mnyama wa milimita 4 hukamui kitu cha kutosha.

> Zaidi ya theluthi moja ya spishi za konokono na jamaa zao zilizokusanywa kwenye kituo kimoja cha Pasifiki hazikufika hata nusu sentimita.

Wako wengi kiasi gani? Kipimo bora ninachokijua hakikufanyika Afrika. Kundi la Philippe Bouchet, wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Paris, lilichukua eneo moja la kilomita za mraba 295 kwenye pwani ya magharibi ya Kaledonia Mpya na kulichambua mpaka chembe ya mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: spishi 2,738 za moluska, yaani konokono, chaza na jamaa zao, katika eneo moja dogo. Kwa kulinganisha, Afrika Kusini nzima, yenye bahari mbili na zaidi ya karne moja ya utafiti, ilikuwa na spishi zipatazo 3,000 kwenye orodha zake.

Lakini takwimu zilizonishughulisha zaidi ni zile zilizofuata. Spishi 1 kati ya kila 5 ilipatikana mara moja tu, mnyama mmoja au gamba moja. Na zaidi ya robo ya spishi zote hazikuonekana hai hata kidogo, yalipatikana magamba matupu peke yake. Hao ni watu waliotafuta kwa makusudi, kwa kazi iliyokadiriwa kuwa siku 400 za mtu mmoja.

Ncha ya gamba inasema mengi

Nikiulizwa ni kitu gani kimoja msomaji akichukue kutoka kwenye makala haya, nitachagua ncha ya gamba.

Juu kabisa, pale gamba linapoanzia, pana mizunguko ambayo konokono aliijenga akiwa mchanga, kabla ya kuanza maisha ya sakafuni. Haifutiki akikua, gamba linaendelea tu kuongezwa kwa chini. Mchunguzi akiikuta ni mingi, midogo na imebanana, anajua mtoto alitoka kwenye yai akaogelea, akachukuliwa na mkondo kwa siku au wiki, akila vijimea vinavyoelea, ndipo akatua. Konokono wa namna hiyo anaweza kuwa na ndugu Msumbiji, Madagaska, hata mbali zaidi.

Akikuta kinundu kimoja kikubwa, butu, chenye mzunguko mmoja au mmoja na nusu, habari ni tofauti. Mtoto huyu hakuogelea. Alikulia ndani ya yai kwa akiba ya chakula aliyoachiwa na mama yake, akatoka akiwa konokono kamili, akatambaa. Alipozaliwa ndipo atakapofia, au hatua chache kutoka hapo.

Familia ya Marginellidae, yenye magamba laini yanayong'aa na mikunjo kwenye mdomo, huzaa kwa njia hiyo ya pili. Maji ya Afrika Kusini ni miongoni mwa maeneo yenye spishi nyingi za familia hiyo duniani, na nyingi hazipatikani penginepo. Si ajabu: vizazi elfu na elfu vya wanyama wasiosafiri, kila kundi likajitenga kwenye kipande chake cha mchanga au jabali, mwisho wakawa spishi mbalimbali.

Kwa mwenye kibali cha kuchimba, hiki ndicho kipimo cha madhara. Ukifyonza eneo lenye konokono wanaoogelea wakiwa wachanga, mkondo unaweza kuleta wengine. Ukifyonza eneo la wanaotambaa, hakuna wa kuletwa. Lazima waje wenyewe, polepole, kutoka pembezoni, iwapo pembezoni wamo.

Hazina ya Pietermaritzburg

Afrika Kusini ina bahati ambayo nchi nyingi za bara hili hazina, nayo ni kumbukumbu ndefu. Kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na 1907 hivi, meli ya mvuke Pieter Faure ilizunguka pwani yake chini ya Mskoti John Gilchrist, ikitafuta maeneo ya uvuvi. Serikali ya Koloni la Rasi ilitaka samaki wa kuuza, na konokono walikuja kama nyongeza. Mwingereza G. B. Sowerby aliwapa majina baadhi yao, wengine wakabaki kwenye mitungi ya Cape Town kwa miongo kadhaa hadi Keppel Barnard alipowafikia na kuanza kuchapisha kazi zake za moluska katika miaka ya 1950.

Kisha akaja Richard Kilburn wa Makumbusho ya Natal. Ndiye aliyekuwa nyuma ya mradi wa Meiring Naude, na kuanzia mwaka 1983 alitoa mfululizo wa maandiko kuhusu Turridae wa kusini mwa Afrika na Msumbiji, sehemu baada ya sehemu, akitaja spishi ambazo sayansi haikuwa na habari nazo. David Herbert aliendeleza makundi mengine. Kilburn alifariki mwaka 2013. Jumba lenyewe, ambalo sasa linaitwa Makumbusho ya KwaZulu-Natal, bado lina mkusanyiko wa moluska ulio kati ya mikubwa kabisa barani Afrika.

Mradi wa Meiring Naude ulileta mchanga mwingi kuliko mikono ya kuuchambua, na hilo ni la kawaida katika fani hii. Meli inaweza kukusanya kwa wiki moja kazi ya maisha ya mtu mmoja. Na mtu huyo, anayeweza kutazama gamba la milimita 3 na kukwambia ni la jenasi gani, hafundishwi kwa semina ya siku mbili. Vyuo vinavyomwandaa ni vichache, na ajira yake ni haba zaidi.

Fosfeti ya Namibia na hoja ya mbolea

Mgogoro ulio wazi zaidi uko upande wa pili wa bara, Namibia. Mradi wa Sandpiper, wa kampuni ya Namibian Marine Phosphate, unalenga mchanga wenye fosfeti ulioko kilomita zipatazo 120 kusini-magharibi mwa Walvis Bay, kwenye kina cha kati ya mita 180 na 300. Huo ni ukingo wa nje wa rafu hasa. Leseni ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2011. Mwaka 2013 serikali ilisimamisha kwanza uchimbaji wa fosfeti baharini. Septemba 2016 kibali cha mazingira kilitolewa, na Novemba mwaka huo huo waziri wa mazingira, Pohamba Shifeta, akakitengua. Kesi zikafuata, na mvutano ukaendelea kwa miaka.

Kampuni ina hoja, na si ya kubezwa. Fosfeti ni mbolea, na mashamba ya Afrika yana njaa ya mbolea. Sisi Watanzania tunaifahamu thamani yake kutokana na machimbo ya fosfeti ya Minjingu. Kampuni inasema meli yake itafyonza eneo lisilozidi kilomita 2 za mraba kwa mwaka, kipande kidogo cha leseni yenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na kwamba nchi yenye ukosefu mkubwa wa ajira haiwezi kuacha mali ilale chini.

Upande wa pili wamesimama wenye meli za uvuvi, sekta kubwa ya ajira na fedha za kigeni Namibia. Hofu yao ni samaki: wingu la tope litakalosambaa, kemikali zitakazoamshwa kutoka kwenye matope, mazalia kuvurugika. Wanamazingira wako pamoja nao, ingawa ni ndoa ya mkeka, kwa sababu wavuvi hao hao wanakokota nyavu kwenye sakafu hiyo hiyo.

Konokono hana wakili upande wowote. Wavuvi wanatetea hake na samaki wengine wa biashara, kampuni inatetea tani za fosfeti. Mnyama ambaye nyumba yake ndiyo inayofyonzwa, futi kadhaa za mchanga pamoja na kila kilichomo, anatokea kwenye ripoti za mazingira kama sehemu ya jedwali la wanyama wa sakafuni.

Namibia tayari ina mfano wa kile kinachojadiliwa. Debmarine Namibia, ubia wa serikali na De Beers, inachimba almasi baharini kwa kina kinachozidi mita 100. Watetezi wa uchimbaji huo husema mashapo hujaa tena na wanyama huanza kurudi baada ya miaka kadhaa. Inawezekana. Swali ni wanyama gani. Wala mizoga na wenye watoto waogeleao hurudi upesi, na wingi wao unaweza kuifanya hesabu ionekane nzuri kwenye ripoti.

Afrika Kusini nayo, kati ya 2012 na 2014, ilitoa haki za kutafuta fosfeti baharini kwa kampuni 3, kwenye eneo linalokadiriwa kuwa kilomita za mraba 150,000. Ni haki za kutafuta tu, hazikuwa za kuchimba, lakini zilitosha kuwaamsha wanaharakati.

Nyavu za kukokota

Kwa ukubwa wa eneo linaloguswa, meli za hake zinawazidi wachimbaji wote. Zimekokota nyavu kwenye rafu ya Afrika Kusini kwa zaidi ya karne moja. Nyavu hizo zina vyuma vizito vinavyopita juu ya sakafu, na sponji au tumbawe likishang'oka, konokono aliyekuwa akilitegemea hana kwa kwenda.

Hapa lazima niwape wavuvi haki yao. Uvuvi wa hake wa Afrika Kusini ulipata cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu, cha MSC, mwaka 2004, na baadaye chama chao kikakubali kujifungia ndani ya maeneo waliyokwisha kuyakokota, wasiende mapya. Sharti hilo likaingizwa kwenye vibali. Walishirikiana pia na wanasayansi katika jaribio la kufunga baadhi ya njia za kukokota, ili ionekane sakafu inapona vipi ikipumzishwa. Ni sekta chache zinazokubali kupimwa namna hiyo.

Adimu, au hajatafutwa?

Wanasayansi wenyewe hawako kitu kimoja. Konokono aliyepatikana kituo kimoja tu anaweza kuwa na makao madogo kweli. Anaweza pia kuwa ameenea kilomita 500, ila hakuna aliyeshusha kasha penginepo. Mshauri wa kampuni ataegemea maelezo ya pili, mwanaharakati ataegemea ya kwanza, na gamba lenyewe halisemi.

Ndiyo maana orodha nyekundu ya IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka, ambayo wakaguzi wengi huanzia hapo, haina msaada mkubwa kwa wadogo hawa. Jenasi ya Conus ilitathminiwa yote, spishi 632, na matokeo yakatoka mwaka 2013. Walibahatika kwa kuwa ni wakubwa, wazuri, na wana soko la wakusanyaji. Mwaka 2019 konokono wa chemchemi za moto za Bahari ya Hindi, mwenye magamba ya chuma mguuni, aliingizwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa kina kirefu. Konokono wengi wa milimita 3 hawajatathminiwa kabisa. Kwenye fomu, asiyetathminiwa na asiye hatarini wanafanana: hakuna alama yoyote mbele ya jina lake.

> Kwenye fomu, asiyetathminiwa na asiye hatarini wanafanana.

Mimi naona njia ya kutokea iko kwenye ile ncha ya gamba. Hata kama hatujui spishi imeenea wapi, tunaweza kujua kama watoto wake wanaogelea au wanatambaa. Eneo lenye watambaaji wengi lipewe tahadhari zaidi hadi ithibitike vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha uwe wa anayetaka kuchimba.

Kuna njia nyingine isiyosubiri majina: kutenga maeneo kwa kufuata aina ya sakafu. Mei 2019 Afrika Kusini ilitangaza hifadhi mpya 20 za bahari, zikapandisha eneo lililolindwa kutoka asilimia 0.4 hadi zaidi ya asilimia 5 ya bahari yake ya bara. Wapangaji walihakikisha matope, changarawe, makorongo na ukingo wa rafu vyote vinapata sehemu. Asilimia 5 si nyingi, na kampuni zilivutana kwa kila kipande cha ramani. Lakini konokono asiye na jina anayeishi ndani ya mipaka hiyo amepata hifadhi.

Makome ya Dar es Salaam yaliyoko Berlin

Watanzania wengi wamesikia habari za mjusi mkubwa wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi na kupelekwa kwenye makumbusho ya Berlin. Wachache wanajua kwamba bahari yetu nayo ilichangia makabati ya jumba lile lile.

Meli ya Kijerumani Valdivia, chini ya Carl Chun, iliondoka Hamburg mwaka 1898 na kufika Dar es Salaam Machi 1899. Katika maji ya kati ya Unguja na bara, na kuendelea kaskazini, ilishusha nyavu zake mamia ya mita. Konokono waliopatikana walifanyiwa kazi kwanza na Eduard von Martens, kisha Johannes Thiele, ambaye mwaka 1925 alichapisha spishi nyingi ndogo ndogo. Mwanzoni mwa 1934 ikaja Mabahiss, meli ya Misri iliyobeba msafara wa John Murray, ikachukua sampuli kuzunguka Zanzibar. Hizo zikaenda London.

Kwa hiyo mtafiti wa Tanzania anayetaka kulinganisha konokono wa mita 200 aliyempata nje ya Mafia analazimika kuandika barua Ulaya.

Haraka ya kazi hiyo inatokana na gesi. Makadirio ya gesi iliyogunduliwa Tanzania yamezidi futi za ujazo trilioni 57, na nyingi iko chini ya bahari ya kina kirefu kusini. Mradi wa kuisindika Likong'o, Lindi, ukianza, mabomba yatapanda kutoka kilindini na kuvuka ukingo wa rafu. Simo miongoni mwa wanaotaka gesi ibaki chini, nchi inaihitaji. Ila kabla ya bomba kulazwa, sakafu huchukuliwa sampuli kwa ajili ya tathmini ya mazingira. Mchanga unachekechwa, wanyama wanahesabiwa kwa makundi makubwa makubwa, ripoti inaandikwa.

Ombi langu kwa NEMC, wanaosimamia mazingira nchini, ni hili: iwe sharti la cheti kwamba sehemu ya kila sampuli ya sakafu ya bahari, pamoja na namba ya kituo, kina na tarehe, ibaki nchini, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Buyu, Unguja. Kampuni imekwisha kulipia meli, ambayo ndiyo gharama kubwa. Kinachobaki ni mitungi, spiriti, na mshahara wa mtu mmoja mwenye hadubini.